Karanga za Kongwa: Funzo kwa Wenye Karafuu

Mkutano mkuu wa chama chetu umekaribia, na miongoni mwa mambo yatakayoletwa mbele yenu liko moja ambalo limekwisha zungumzwa sana matawini, barazani, na hata chini ya mikarafuu. Nalo ni rai ya kukopa fedha, kuzichanganya na akiba ya chama, na kununua mashine za kukaushia karafuu kwa matawi yote kwa mpigo mmoja, kabla ya mavuno yajayo.

Rai hii haikutoka hewani. Kila mwenye shamba ajua uchungu wake. Mvua za vuli zikiangukia katikati ya uchumaji, karafuu hulala majamvini siku tano, sita, jua halionekani; asubuhi huanikwa, adhuhuri hukunjwa mbio mbio, jioni imekwisha anza kuvunda. Ikifika kituoni haina rangi wala haina uzito, na bei yake ni ya huzuni. Kazi ya mwaka mzima, ujira wa wachumaji, na ngazi zilizopandwa kwa khatari ya maisha, vyote huharibiwa na mawingu ya juma moja. Mtu aliyepatwa na hayo hawezi kulaumiwa akisema: tununue mashine, na tununue sasa.

Sisi hatuandiki makala hii kuipinga mashine. Twaandika kwa sababu twaona kuwa kabla ya kunyosha mikono, yafaa tukumbushane khabari ya chama kingine, kikubwa kuliko chetu mara elfu, chenye fedha, mashine na wataalamu wa kila namna, ambacho nacho kilisema: tuanze sasa, na tuanze kwa ukubwa. Khabari hiyo ni ya karanga za Kongwa. Wazee wengi walikwisha isikia. Vijana wengi hawakuisikia. Na wale walioisikia mara nyingi waliisikia kama kichekesho cha Wazungu walioshindwa kulima karanga. Sisi twaona si kichekesho. Ni skuli nzima.

KONGWA NI WAPI

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa barabara kuu hupita Morogoro, kisha Gairo, akaingia nchi ya uwanda wa kati. Hufika Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi linalojulikana Tanzania nzima, kisha Mbande, na hapo njia ya Kongwa huchepuka. Ni nchi ya Wagogo: nchi ya mibuyu, ya vichaka vya miiba, ya ng'ombe, ya uwele na mtama. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, nayo si ya kuaminika. Mwaka mmoja hunyesha vizuri, mwaka wa pili hunyesha mwanzo ikakatika katikati, mwaka wa tatu haionekani. Mgogo aliyezaliwa hapo hulima huku jicho moja li mbinguni, na ng'ombe wake ndio akiba yake mwaka wa njaa.

Nchi hiyo ndiyo iliyochaguliwa kuwa makao makuu ya shamba kubwa kuliko yote yaliyopata kupangwa Afrika ya Mashariki.

NJAA YA MAFUTA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Watu wake walipewa siagi na mafuta kwa kipimo. Mwezi wa Machi 1946, Bwana Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alipeleka kwa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Wazo likapendeza. Serikali ikatuma watu watatu kuja kutazama, mkubwa wao John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa majuma 9, wakisafiri sana kwa ndege, na mwezi wa Septemba 1946 wakatoa taarifa yao.

Na tuitazame taarifa hiyo kwa hesabu. Eka 3,210,000 zilimwe. Eka hizo zigawanywe katika mashamba 107, kila moja la eka 30,000: mashamba 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama yake karibu pauni milioni 24. Mwaka wa kwanza peke yake, yaani 1947, zifyekwe na kupandwa eka 150,000. Na baada ya miaka michache zitoke tani 600,000 za karanga kila mwaka. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukubali mpango, na mwanzo wa 1947 watu wa kwanza wakafika Kongwa.

Nia ilikuwa njema, na haja ilikuwa ya kweli. Hilo tulishike, kwa maana nasi nia yetu ni njema na haja yetu ni ya kweli. Lakini haja haimuoneshi mtu njia. Humsukuma tu.

YALIYOTOKEA

Matatizo yalianza kabla ya kufika shambani. Viwanda vya dunia vilikuwa havijapata nguvu baada ya vita, na matrekta mapya hayakupatikana. Basi zikanunuliwa mashine zilizobaki katika majeshi, nyingine toka Ufilipino, nazo nyingi zilikuwa zimekwisha chakaa. Vifaru vya vita navyo vikageuzwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam wakati ule haikuwa na gati la maji marefu. Kila kitu kizito kilishushwa kwa matishari. Reli ya Kati ilikuwa moja tu, na kutoka kituo cha Msagali hadi Kongwa ilibidi lijengwe tawi jipya. Mashine zikafika vipande vipande: mwili leo, vipuri kesho kutwa, na fundi bado.

Zilipofika Kongwa zikakutana na kichaka. Kukiangusha hakukuwa kazi kubwa. Baadaye hata waligundua hila ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili na kuuburura, miti ikalala chini. Kazi ilikuwa mizizi. Chini ya kila kichaka palikuwa na mtandao wa mizizi migumu iliyovunja meno ya majembe. Na udongo wenyewe ulikuwa na mchanga mkali uliokula vyuma kama tupa. Karakana ikajaa mashine mbovu kuliko zilizokuwa shambani. Mwisho wa mwaka 1947, badala ya eka 150,000, zilikuwa zimepandwa kiasi cha eka 7,500 tu.

Kisha ikaja shida ya udongo. Wanachama waliopanda karanga nyuma ya nyumba zao wajua tabia yake: ua likisha shika, mmea huteremsha kikonyo chake kikaingia ardhini, na kokwa hukua humo humo. Yataka udongo laini wakati wa kuingia na wakati wa kung'olewa. Udongo wa Kongwa ni mwekundu wa mfinyanzi; mvua ikikatika hukauka ukawa kama saruji. Karanga zilizozaliwa humo zilikataa kutoka. Na mwaka 1949 mvua nayo ikakosekana, ukame ukamaliza kilichosalia.

Wafanya kazi nao walikuwa na yao. Watu wengi walikusanywa mahali pamoja kwa ghafla, na maisha yakawa ghali. Mwezi wa Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulifuata njia ya reli hadi ukafika Kongwa. Waliopanga eka milioni tatu hawakuwa wamepanga vya kutosha jinsi ya kukaa na mtu atakayezilima.

Mwaka 1948 kazi ilitolewa kwa Kampuni ya United Africa, iliyokuwa ikiisimamia kwa niaba ya serikali, ikapewa Shirika la Chakula la Ng'ambo, mwenyekiti wake Leslie Plummer. Mpango ukapunguzwa, ukapunguzwa tena. Mwaka 1949 Wakefield mwenyewe aliondolewa katika bodi. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuwa mpango umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Fedha iliyopotea ilizidi ile iliyokadiriwa kwa mpango mzima, na mafuta hayakupatikana.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Wengine husema kosa ni mvua. Wengine husema ni mashine kuukuu. Sisi, tukiisoma khabari yote tangu mwanzo, twaona kuwa mvua, udongo na mashine vilikuwa mitihani tu. Kosa lilikuwa katika namna ya kuongoza. Siku hizi wataalamu wa vyama na makampuni wana jina la jambo hili: huliita usimamizi wa kimkakati. Maana yake kwa maneno ya shambani ni hii: kujua unakokwenda, kujua ulichonacho mkononi, kuchagua njia moja na kuacha nyingine, kupanga lipi litangulie na lipi lifuate, na kuwa tayari kugeuza njia mambo yakibadilika. Chama kinachofanya hayo chaweza kufanikiwa kwa mali kidogo. Chama kisichoyafanya hupoteza mali nyingi. Na tuyatazame moja moja.

Kwanza, hesabu ilitangulia uchunguzi. Eka 3,210,000 ziliandikwa karatasini kabla mtu hajachimba mashimo ya kutosha kuujua udongo wa Kongwa unakuwaje mwezi wa Juni. Nchi ikitazamwa toka juu ya ndege huonekana tambarare na tupu. Lakini ugumu wa udongo hauonekani toka juu, wala mizizi, wala mwaka wa ukame.

Pili, hapakuwa na shamba la majaribio. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Lau wangalilima eka 500 kwa misimu miwili au mitatu, udongo ungaliwaambia yote kwa gharama ndogo. Walijua kuwa majaribio ni jambo jema, lakini walisema muda haupo. Wakaruka jaribio kuokoa miaka miwili, wakapoteza minne pamoja na mali yote.

Tatu, walipima kitu kisichokuwa ndicho. Lengo lilikuwa mafuta mezani, lakini taarifa zilizopelekwa London zilihesabu eka zilizofyekwa. Basi kila mtu akakimbilia kufyeka. Mtu akipimwa kwa eka atakuletea eka. Hatakuuliza kama eka hizo zitazaa. Kongwa mwishowe zilikuwapo eka nyingi zilizosafishwa, na karanga chache.

Nne, mambo hayakupangwa kwa zamu yake. Bandari, reli, karakana, vipuri na mafundi vyapasa kutangulia trekta. Wao walileta trekta kwanza, ndipo wakaanza kutafuta mahali pa kulishushia na mtu wa kulitengeneza. Hata vyombo vyetu vya pwani havifanyi hivyo. Nahodha hapakii shehena kabla ya kuziba mianya ya jahazi.

Tano, amri ilikuwa mbali na shamba. Waziri yuko London, bodi iko London, meneja yuko Kongwa, na kampuni iliyoanza kazi si shirika lililoimaliza. Meneja aliyeona jambo limeharibika hakuwa na uwezo wa kusema: tusimame. Na aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha hakuwa akiliona.

Sita, wenyeji hawakuulizwa kama wapaswavyo kuulizwa. Mgogo hakuwa na shahada, lakini alijua kwa nini babu yake alifuga ng'ombe hapo badala ya kulima shamba kubwa. Elimu hiyo ilikuwapo bure, umbali wa kupiga hodi. Kuuliza si ujinga.

Saba, vitabu vya hesabu havikutunzwa ipasavyo, na wakaguzi walilisema jambo hilo wazi. Wahenga wetu walilisema zamani: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Lakini ni haki tuseme na la kheri. Baada ya 1951 wale waliobaki walijifunza. Mpango ulipunguzwa ukawa wa kujaribu. Ukawekwa chini ya shirika jingine, Shirika la Kilimo la Tanganyika. Na Kongwa ikapewa kazi inayoifaa, yaani ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ipo hata leo. Yaani baada ya mamilioni yote, walirejea kwenye jibu ambalo Mgogo alikuwa nalo tangu mwanzo.

MFANO WA SUDANI

Mtu aweza kusema: basi mambo makubwa hayafai Afrika. Sivyo. Na tutazame Sudani, nchi ya Jazira, baina ya Nili Nyeupe na Nili ya Buluu. Huko nako walitaka kulima pamba kwa ukubwa. Lakini mwaka 1911 walianza mahali panapoitwa Tayiba, kwa eneo dogo la feddani 250 hivi. Na feddani moja ni kama eka moja. Wakatazama maji yaendavyo, udongo unywavyo, na mkulima afanyavyo kazi. Wakaongeza sehemu ya pili, wakatazama tena. Vita ya 1914 ikachelewesha, lakini hawakuacha kujifunza. Bwawa kubwa la Sennar lilipomalizika mwaka 1925, yaani miaka 14 baada ya jaribio la kwanza, feddani 300,000 zilikuwa tayari kupata maji, na wakulima wapangaji walikuwa na fungu lao lijulikanalo katika bei ya pamba, asilimia 40.

Hatusemi kuwa Jazira haikuwa na dhuluma wala matatizo. Ilikuwa kazi ya kikoloni kama ile ya Kongwa, na ilipata miaka yake mibaya. Wala hatusemi kuwa mahali penye mto ni sawa na mahali pasipo mto. Twasema tu kwamba wenye Jazira walikubali kufundishwa na feddani 250 kabla ya kuamuru feddani 300,000, na kwamba Jazira ipo na karanga za Kongwa hazipo.

SISI NA KARAFUU ZETU

Visiwa vyetu navyo vina darsa zake. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa mama wa karafuu. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye kuamua leo kupanda huamua jambo la mwanawe. Kwa hiyo mkulima wa karafuu, apende asipende, ni mtu wa mipango ya mbali.

Lakini katika soko hatukuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara za kreteki. Tukaona soko hilo ni la milele. Wao, kwa upande wao, wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na ilipofika miaka ya 1980 wakawa karibu wanajitosheleza. Bei ya karafuu zetu ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa yakamezwa na magugu. Mikarafuu ile ya Indonesia haikuota usiku mmoja. Ilikuwa ikionekana kwa miaka 6 na zaidi kabla ya kuzaa. Aliyetakiwa kuitazama hakuitazama. Hilo nalo ni kosa la uongozi wa chama na wa nchi, si la jua wala la mvua.

Basi na turudi kwenye mashine za kukaushia.

MASWALI KABLA YA KUNYOSHA MKONO

Sisi twaomba kila mwanachama aende mkutanoni na maswali haya, na asikubali kuondoka bila majibu.

La kwanza: tutapima nini? Tusije tukaambiwa mwakani kuwa mpango umefaulu kwa sababu mashine kadha wa kadha zimefungwa matawini. Mashine iliyofungwa ni kama eka iliyofyekwa. Kipimo chetu kiwe frasila ngapi za karafuu ya daraja la kwanza zimetoka katika mikono ya wanachama, na gharama ya kukausha kila frasila imekuwa kiasi gani ikilinganishwa na jamvi.

La pili: jaribio liko wapi? Rai yetu ni kuwa inunuliwe mashine moja, ifungwe katika tawi moja, itumike msimu mmoja mzima, wa mvua na wa jua. Karafuu ya shamba moja igawanywe mafungu mawili, moja likaushwe kwa mashine na jingine kwa jua, kisha yote mawili yapelekwe kwa mnunuzi. Karafuu ni kitu cha harufu na mafuta. Ikishika harufu ya moshi, au ikikaushwa kwa moto mkali hata ikakatika kichwa, mnunuzi ataikataa, na hapo tutakuwa tumekopa fedha ili tuharibu mali yetu wenyewe kwa haraka kuliko mvua.

La tatu: kipi kitangulie? Mashine yataka banda, yataka umeme au kuni, yataka fundi na vipuri, yataka njia ya kuipelekea karafuu mbichi kabla haijavunda. Tawi ambalo gari haifiki wakati wa mvua halitafaidi mashine wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio ule ule tunaoitakia. Na kama ni kuni, zitakatwa wapi? Tusije tukakata kivuli cha miche yetu tukaushie karafuu za leo.

La nne: nani ana uwezo wa kusema simama? Kamati iandike tangu sasa kiasi cha mwisho cha fedha kitakachotumika katika jaribio, na tarehe ya kutoa taarifa. Kikifika kiasi hicho kazi isimame mpaka wanachama waulizwe. Na mwangalizi wa mashine awe na ruhusa ya kuleta khabari mbaya bila kuogopa kazi yake. Kongwa zilikuwapo khabari mbaya tele. Zilikosa njia ya kupitia.

La tano: wameulizwa nani? Tunao wazee waliokausha karafuu miaka hamsini, na wanawake wanaochambua makonyo na kugeuza majamvi kila siku ya msimu. Wao ndio wajuao karafuu imekauka kwa kuivunja vidoleni na kuisikia mlio wake. Hawakuwamo katika kamati iliyoandika rai hii. Na wawemo.

La sita: daftari litashikwa na nani, na litasomwa lini? Sisi twapendekeza lisomwe kila mwezi katika tawi lenyewe, kwa sauti, mbele ya wenye mali.

La saba: miaka kumi ijayo chama kinataka kuwa wapi? Maana swali la mashine ni tawi tu la swali hili. Kama twataka kuuza karafuu bora kwa wanunuzi wengi badala ya kumtegemea mmoja, basi mashine, miche mipya, mafunzo ya vijana wachumaji na magunia safi vyote ni viungo vya mwili mmoja, na akiba yetu yapasa kugawanywa baina yake. Tukiitia yote katika kiungo kimoja, vingine vitakufa.

KWA WASIOWEZA KUNGOJA

Twajua atasimama mwanachama aseme: "Mvua haingoji majaribio yenu. Msimu huu nikiharibikiwa tena, watoto wangu watakula nini?" Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuna haki ya kuyapuuza. Kungoja msimu mmoja kutawaumiza baadhi yetu, na ni uongo kusema hakutamuumiza mtu. Lakini Waingereza nao walisema mafuta hayangoji, na baada ya miaka minne hawakuwa na mafuta wala fedha. Wao walikuwa na dola ya kulipa hasara. Sisi tuna hisa zetu tu, na wengine wetu shamba ndilo litakalowekwa rehani.

Kwa hiyo twaona ni wajibu wa chama kufanya mambo mawili kwa pamoja. Jaribio liendelee kama tulivyosema. Na wakati huo huo sehemu ndogo ya akiba inunue maturubai na kujengea vichaga vya kuanikia vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ili mvua ikija karafuu ifunikwe pale pale bila kukunjwa na kukunjuliwa. Hayo hayataki mkopo wala fundi toka ng'ambo, na yatampunguzia hasara yule asiyeweza kungoja. Tena tujizuie kuanika juu ya lami, jambo linaloharibu sifa ya karafuu zetu zote kwa sababu ya wachache.

Ndugu wanachama, akiba ya chama chetu haikuja kwa tufani. Imekuja kidogo kidogo, pishi kwa pishi, tangu wengine wetu hawajazaliwa. Waliokwisha tangulia mbele ya haki wamo ndani yake. Msimu huu twaombwa tuitoe yote kwa siku moja. Yumkini mashine zitafaa. Sisi wenyewe twatumaini zitafaa. Lakini tumaini si hesabu, na walioshuka Kongwa mwaka 1947 nao walikuwa watu wenye matumaini makubwa.

Njooni mkutanoni kwa wingi. Njooni na maswali. Na anayejua jambo la mashine hizi kwa kuliona kwa macho yake, kisiwani au ng'ambo, atuandikie kabla ya siku hiyo ili tulichape katika toleo lijalo, likiwa la kusifu au la kulaumu.